Maziwa ya Momela na Mlima Meru kwa misimu yote: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wageni wengi hupewa Hifadhi ya Taifa Arusha kwa nusu siku tu, wakiwa njiani kwenda Serengeti na Ngorongoro. Na wakazi wengi wa Arusha na Moshi huuona Mlima Meru kila wanapofungua dirisha, ila hawajawahi kufika kwenye maziwa yaliyo chini yake. Majibu haya ni kwa ajili ya wote wawili. Hifadhi hii inatembeleka Januari hadi Desemba, na utaifaidi zaidi ukiteremka kwenye gari.

Hifadhi iko wapi, na nifikeje?

Iko kati ya Arusha na Moshi, upande wa kaskazini wa barabara kuu. Ukitoka Arusha unakata kushoto eneo la Usa River. Ukitoka Moshi au uwanja wa ndege wa KIA unakata kulia. Barabara inapanda kupita mashamba na makazi hadi lango la Ngongongare, ambalo wageni wengi ndilo wanaloingilia. Lango la pili ni Momela, kaskazini zaidi, na hapo ndipo safari za kupanda mlima zinapoanzia. Kutoka Arusha mjini hadi Ngongongare weka saa moja. Foleni ikiwa mbaya, weka zaidi.

Wasio na gari hupanda daladala hadi Usa River. Yapo pia magari ya abiria yanayokwenda Ngarenanyuki ambayo hupita ndani ya hifadhi, lakini hayo yamebeba watu wanaorudi makwao na hayatasimama ili wewe utazame twiga. Ukifika kwa njia hiyo utahitaji gari la kukuzungusha, kwa hiyo ni nafuu zaidi kuchangishana watu wanne au watano mkakodi moja tangu mjini.

Maziwa ni mangapi, na yalitokana na nini?

Ni saba: Momela Kubwa, Momela Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Yako kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari.

Asili yake ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na zamani ulikuwa mrefu kuliko ulivyo leo. Takriban miaka 7,800 iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka. Mawe, majivu na tope vilishuka kwa kasi na kutapakaa mbali kuelekea upande wa Kilimanjaro. Ndiyo maana leo ukiutazama Meru kutoka mashariki unaona kreta iliyo wazi upande mmoja, yenye umbo la kiatu cha farasi, na ndani yake kuna ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500 kwenda juu. Vile vilima vidogo vidogo vilivyotawanyika eneo la Momela ni mabaki ya maporomoko hayo. Maji yalijaa kwenye mabonde yaliyobaki kati ya vilima, na hayo ndiyo maziwa unayoyaona.

Maziwa haya hulishwa zaidi na maji yanayopita chini ya ardhi, na hayana mto unaotoka. Jua linakausha maji, madini yanabaki. Mwaka hadi mwaka magadi yanazidi kukolea, na kila ziwa lina kiwango chake. Mwani unaoota katika ziwa moja si ule unaopenda maji ya ziwa la pili, na mwani ndio unaoyapa maji rangi. Simama mahali palipoinuka kati ya maziwa mawili ukatazame huku na huku: moja la kijani kama mchicha uliopondwa, jingine la buluu iliyofifia, na kati yao ni mwendo mfupi tu wa gari. Wageni wengi hupiga picha ya ziwa la kwanza wakadhani wameshayaona yote. Zungukeni yote.

Naweza kuogelea au kunywa maji ya ziwa?

Hapana, yote mawili. Kwanza kuna viboko, na kiboko haogopi mtu anayeoga. Pili, maji haya yana magadi makali na madini ya floraidi kwa wingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Maji ya Momela yamevuka kiwango hicho mbali kabisa. Floraidi ni tatizo kubwa katika ukanda huu wote wa Meru, hata kwenye baadhi ya mito na visima nje ya hifadhi. Watu waliokulia upande wa Ngarenanyuki utawakuta na meno yenye madoa ya kahawia, na mtoto anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka anaweza hata kupinda mifupa. Hao wasikodolewe macho wala kuulizwa kwa nini hawapigi mswaki. Maji ndiyo yaliyowafanya hivyo. Njoo na maji yako ya kunywa ya kutosha siku nzima.

Msimu gani ni mzuri zaidi?

Hakuna msimu mbaya, ila kila msimu una kazi yake.

Januari na Februari ni kiangazi. Joto la mchana linapanda, anga mara nyingi ni safi, na Kilimanjaro inaonekana vizuri ukiwa Momela, hasa asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaikumbatia. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia bado wapo. Kama unakuja kwa ajili ya ndege na picha, chagua miezi hii.

Machi hadi Mei ni masika. Hapa ndipo watu wanapokimbia, na mimi naona wanapoteza. Msitu wa Ngurdoto unakuwa wa kijani kibichi, maporomoko ya maji ya Tululusia yanajaa, wageni ni wachache, na bei za malazi nje ya hifadhi mara nyingi hushuka. Ubaya upo: njia zinateleza, mlima unafunikwa na ukungu kutwa nzima, na kupanda Meru kunakuwa kazi ya kulowana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukija Aprili, njoo kwa msitu na maziwa, mlima uache.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Ni kukavu, na njia za mlima ziko katika hali nzuri. Ila msidanganywe na neno Afrika: Julai, asubuhi pale Momela, mtu anatetemeka ndani ya sweta. Mawingu mazito hukaa kwenye mlima hadi saa nne au saa tano asubuhi.

Septemba na Oktoba joto linarudi, vumbi linaongezeka, na wanyama wanaonekana kwa urahisi kwa kuwa majani yamepungua. Kupanda mlima ni kuzuri sana. Novemba na Desemba huja vuli, mvua zisizo na ahadi: zinanyesha saa mbili, kisha jua linawaka. Ndege wahamiaji wanakuwa wameshafika, na nyasi changa zinawatoa pundamilia na ngiri uwandani.

Nitawaona flamingo?

Pengine, na pengine kwa maelfu. Hakuna wa kukuhakikishia. Flamingo, au heroe, hawana makazi ya kudumu Momela. Wanafuata mwani. Ziwa likipata mvua nyingi maji yanapoteza ukali, mwani unapungua, na ndege wanaondoka kwenda Natron, Manyara au Kenya. Maji yakikolea tena wanarudi. Anayekuuzia safari kwa kuapa kuwa flamingo watakuwepo tarehe fulani anakuuzia asichokuwa nacho. Uliza lango siku hiyo hiyo. Askari wanaozunguka kila siku wanajua wako ziwa lipi.

Ukiwakuta, zima injini na uwatazame wanavyokula. Flamingo mdogo, ambaye ndiye huonekana kwa wingi, huinamisha kichwa hadi mdomo unakuwa juu chini, kisha anatembea taratibu akipeleka kichwa kushoto na kulia. Ulimi wake unavuta maji na kuyasukuma nje haraka haraka, na mwani unanaswa kwenye vichujio vidogo vilivyo ndani ya mdomo. Rangi yake ya waridi inatokana na chakula hicho; kifaranga huanza akiwa wa kijivu. Ukingoni, magadi yamekauka yakawa gamba jeupe linalovunjika chini ya kwato, na manyoya ya waridi yamenasa humo. Yaache yalipo, kutoa manyoya hifadhini ni kosa.

Safari ya mtumbwi ikoje? Ni salama?

Hufanyika katika Momela Ndogo, asubuhi au alasiri, na huchukua kama saa mbili hadi mbili na nusu. Mnavaa majaketi ya kuokolea, mnapewa maelekezo ufukweni, mnaongozana na mwongozaji na askari mwenye silaha. Mitumbwi inakwenda pembezoni mwa ziwa, na viboko wanapewa nafasi yao kubwa.

Kutoka majini unaona vitu ambavyo gari haikupi. Nyati wanashuka kunywa bila kukushtukia, kwa sababu hawajazoea adui anayetokea upande wa maji. Kuro na pongo wanasimama kandokando. Furukombe anapiga ukelele juu ya mti. Na siku ikiwa nyeupe, una Meru upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili.

Si lazima ujue kuogelea, lakini ni lazima uweze kutii. Ukiambiwa simamisha kasia, simamisha. Asubuhi ni bora kwa sababu upepo huongezeka mchana na kupiga kasia dhidi ya upepo kunachosha mikono ya wasiozoea. Weka nafasi mapema kupitia wakala wako au ofisi ya hifadhi. Mitumbwi si mingi.

Naweza kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi?

Ndiyo, na kama una nguvu za kufanya jambo moja tu, fanya hili. Hifadhi nyingi za Tanzania zinakutaka ukae ndani ya gari kutwa. Hapa unakutana na askari wa hifadhi lango la Momela, anabeba bunduki, mnavuka uwanda ambao nyati wanalisha, na kwa mwendo wa saa mbili au tatu mnafika maporomoko ya Tululusia na kurudi. Njia ndefu zaidi inapita msituni hadi kwenye ule mti mkubwa wa jamii ya mkuyu ambao mizizi yake imeacha tao katikati, pana kiasi cha gari kupita. Mti wa namna hii huanza kama mbegu iliyoangushwa na ndege juu ya mti mwingine. Huteremsha mizizi hadi ardhini, huikaza, na mti ulioubeba unakufa ndani yake na kuoza.

Kuhusu nyati: askari hutangulia, ninyi mnafuata mstari mmoja, mkizungumza kwa sauti ya chini. Mkikuta kundi, mnasimama. Mara nyingi nyati hukodoa macho, hupiga hatua mbili tatu, kisha hujiondokea. Wa kuogopwa ni dume mzee aliye peke yake kichakani, na askari anazijua sehemu anazopenda kulala. Usikimbie hata ukiogopa namna gani. Usivae nguo nyekundu au nyeupe inayong'aa. Khaki, kijani au kahawia zinatosha. Viatu viwe vilivyofunika vidole.

Kupanda Mlima Meru kunahitaji siku ngapi, na ni kugumu kiasi gani?

Siku tatu kwa wenye haraka, nne kwa wenye busara. Kilele kina urefu wa mita 4,562, na Meru ni mlima wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro.

Siku ya kwanza mnatoka lango la Momela hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Askari mwenye silaha ni wa lazima, kwa sababu sehemu hii yote ni njia ya nyati na tembo. Siku ya pili mnapanda ngazi nyingi msituni hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570. Ni saa chache tu, lakini ngazi hizo huumiza magoti. Alasiri wenye nguvu huenda Meru Ndogo, kilele kidogo kinachozidi mita 3,800, kisha wanarudi kulala. Msiidharau safari hiyo: kupanda juu kidogo na kurudi kulala chini husaidia mwili kuzoea hewa nyepesi.

Usiku wa kilele mnaamshwa mnapata chai, na saa saba au saa nane usiku mnaanza kutembea kwa tochi za kichwani. Baada ya sehemu iitwayo Rhino Point njia inafuata ukingo wa kreta. Upande mmoja ni mteremko wa majivu, upande wa pili ni ule ukuta unaoshuka hadi chini. Kuna sehemu za kushika mwamba kwa mikono. Giza linasaidia wengi kwa sababu hawaoni shimo. Wakati wa kurudi mchana ndipo wanapoliona. Mwenye kizunguzungu cha urefu amwambie kiongozi kabla ya kuondoka Saddle, asingoje kufika pale. Jua linachomoza nyuma ya Kilimanjaro, na chini yenu ndani ya kreta mnaiona koni ya majivu iliyojengwa na milipuko ya baadaye. Kuteremka ni siku hiyo hiyo: wa siku tatu wanashuka moja kwa moja hadi lango, wa siku nne wanalala Miriakamba. Magoti ya wengi huharibika katika ule mshuko mmoja wa siku tatu. Ongezeni siku.

Jiandae kwa baridi inayofika chini ya nyuzi sifuri: koti zito, koti la mvua, glavu, kofia ya sufu, soksi za akiba. Ugonjwa wa mwinuko haujali umri wala mazoezi ya gym. Kichwa kikiuma kidogo, kunywa maji na upunguze mwendo. Ukianza kutapika, kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, dawa ni kushuka, na kushuka ni sasa hivi, iwe usiku au mchana.

Neno kuhusu wagumu, yaani wapagazi. Wanabeba chakula chenu, mabegi yenu na sufuria, na wanafika kibandani kabla yenu. Uliza wakala wako atawalipa kiasi gani, wanakula mara ngapi, na kama wana makoti ya kutosha kwa baridi ya Saddle. Tipu mkabidhi kila mmoja mkononi mwake, hadharani. Safari iliyouzwa kwa bei ya chini mno kwa kawaida imepunguzwa kutoka kwenye posho yao.

Meru ni mazoezi ya Kilimanjaro tu?

Wengi huutumia hivyo, na mwili hufaidika kweli. Lakini Meru una msitu wenye wanyama, una ukingo wa kreta, na una utulivu ambao Kilimanjaro mwezi wa Agosti haina. Ningeupanda hata kama Kilimanjaro isingekuwepo.

Wanyama gani wapo? Simba je?

Simba hawaishi humu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutembea kwa miguu kuwa jambo la kawaida hapa. Chui na fisi wapo, ila kuwaona ni bahati. Utakaowaona bila shida: twiga, nyati, pundamilia, ngiri, kuro, pongo, digidigi, nyani, tumbili. Tembo wapo wachache na hupenda msitu. Funo, yule paa mwekundu wa msituni, hukatiza njia mbio akapotea.

Fahari ya hifadhi ni mbega, wale weusi wenye vazi jeupe mabegani na mkia wa manyoya meupe. Njia kati ya Ngongongare na Ngurdoto ndiyo yao. Hawashuki mara kwa mara, wanakula majani juu kabisa, kwa hiyo mwambie dereva aende taratibu na mtazame kwenye vilele vya miti. Mbega akiruka kutoka mti hadi mti, lile vazi linafunguka hewani.

Naweza kushuka ndani ya kreta ya Ngurdoto?

Hairuhusiwi. Kreta ina upana wa kama kilomita 3, na chini kuna kinamasi na nyasi ambapo nyati na wanyama wengine wameachiwa waishi bila kuingiliwa. Wageni hutazama kutoka ukingoni. Kituo cha juu kabisa ni Leitong. Chukua darubini, kwa macho matupu nyati wanaonekana kama punje.

Nina watoto wadogo na mama mzee. Watafaidi?

Sana. Umbali ni mfupi, hakuna kukaa garini saa sita. Kuna sehemu za kupumzika na kula zilizotengwa, na Ngurdoto inafikika kwa gari hadi karibu na ukingo. Mama akichoka kutembea, mzunguko wa maziwa kwa gari unamtosha, na anaona flamingo na twiga akiwa amekaa. Kwa matembezi na mtumbwi kuna masharti ya umri kwa watoto. Ulizeni kabla hamjawaahidi. Shule nyingi huleta wanafunzi hapa, na walimu mnaopanga safari, ombeni askari awazungumzie watoto pale maziwani. Somo la jiografia la volkano linaeleweka kwa dakika kumi mbele ya ule mlima.

Kiingilio ni kiasi gani?

Viwango hupangwa na TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, na hubadilika, kwa hiyo hakikisheni kwa mamlaka yenyewe kabla ya safari. Mpangilio ndio huu: raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo ukilinganisha na wageni wa nje wanaolipa kwa dola, wageni wenye ukaazi wana kiwango chao. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Gari lina ada yake, na mtumbwi, matembezi, kambi na kupanda mlima kila kimoja kinalipiwa peke yake. Malipo ni kwa kadi, benki au simu, si noti mkononi. Beba kitambulisho cha taifa au pasi. Bila uthibitisho wa uraia utatozwa kama mgeni.

Gari gani linafaa?

Wakati wa ukavu, gari la kawaida lililo juu kidogo hufika sehemu nyingi. Masika, chukueni la magurudumu manne kuvuta. Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na hata huo ni mwingi kwa msituni.

Tulale wapi?

Ndani kuna kambi za umma za kupiga hema, na vibanda vya mlimani kwa wapandaji. Nje, kuanzia Usa River hadi Momela, kuna loji na nyumba za wageni za kila bei. Ukilala kwenye hema, chakula kisikae ndani. Nyani wanafungua zipu.

Hifadhi ilianza lini, na nani wanaishi jirani?

Ilitangazwa mwaka 1960 kwa jina la Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru uliongezwa, na jina likawa Hifadhi ya Taifa Arusha. Ni mwaka ule ule wa Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, na kilele cha mlima kinaitwa Socialist Peak, yaani Kilele cha Ujamaa, hadi leo.

Majirani ni Wameru na Waarusha, na ardhi hii wanaijua kuliko yeyote. Anayepita Ngarenanyuki ajue kuwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kwa nguvu kutoka eneo hilo, nyumba zikachomwa, ili kuwapa Wazungu mashamba ya mifugo. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa mara moja, lakini kesi ile iliamsha wengi katika Tanganyika. Kijana wa Usa River anayekuongoza leo anaweza kuwa mjukuu wa mtu aliyetoa mchango. Muulize, atakueleza.

Meru unaweza kulipuka tena?

Umelala, haujafa. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Leo hakuna dalili zinazomzuia mtu kupanda.

Nini kimepigwa marufuku?

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, acheni nyumbani. Droni hazirushwi bila vibali. Kutoka nje ya barabara kwa gari, kupiga honi, muziki wa sauti ya juu, kuleta mbwa, kuokota mifupa, manyoya au mawe, vyote hapana.

Na tafadhali msiwalishe nyani na tumbili. Nyani aliyepewa ndizi mara moja anajifunza kwamba gari ni chakula. Wiki ijayo anaingia dirishani, anamparua mtoto, na mwisho wake anauawa kwa kosa alilofundishwa na mgeni aliyetaka picha.

Nina siku moja tu. Nipange vipi?

Fika Ngongongare lango likifunguliwa. Anza na uwanda wa Serengeti Ndogo ulio karibu na lango, twiga na pundamilia wako pale asubuhi. Kama umeweka nafasi ya mtumbwi, nenda moja kwa moja Momela Ndogo na uache mengine. Kama hujaweka, mkute askari lango la Momela mtembee hadi Tululusia kabla jua halijakolea. Kula chakula cha mchana sehemu ya mapumziko yenye mandhari ya maziwa, kisha zungukia maziwa yote kwa utaratibu. Ngurdoto na mbega viwe vya mwisho, kwa kuwa viko njiani kurudi na alasiri ukungu wa kreta huwa umeshaondoka. Uwe umetoka getini kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Ukiona muda haukutoshi, kata Ngurdoto. Usikate matembezi.